Linus Pauling: Mshindi wa Nobel mbili aliyeifanya vitamini C kuwa dawa ya mafua

Msimu wa mafua ukiingia Dar es Salaam, maduka ya dawa ya Tandika, Mbagala na Mwananyamala yanajua wateja wake. Mtu anakuja na pua imeziba, anaomba dawa ya mafua, halafu kabla hajaondoka anaongeza pakiti ya vitamini C. Wengine wananunua vitamini C peke yake. Nyumbani kuna limao, tangawizi na asali. Watoto nao wananyonya vile vidonge vya rangi ya chungwa kama pipi.

Wazo hili kwamba vitamini C nyingi inazuia na kutibu mafua halikushuka tu kutoka hewani. Lilikuwa na mtu aliyelibeba, akalisambaza dunia nzima mpaka likafika uswahilini kwetu. Anaitwa Linus Pauling, mkemia wa Marekani aliyefariki mwaka 1994.

Na hakuwa tapeli wa kuuza dawa stendi. Pauling ndiye mtu pekee katika historia aliyeshinda Tuzo mbili za Nobel bila kugawana na mtu yeyote. Hapo ndipo maisha yake yanapovutia: mtu mwenye akili kiasi hicho alikosea wapi, na alipatia wapi?

MTOTO WA MUUZA DAWA

Pauling alizaliwa Februari 28, 1901, mjini Portland, jimbo la Oregon. Baba yake, Herman, alikuwa na duka la dawa. Kwa hiyo mtoto alikua akiona chupa, unga na mizani.

Mwaka 1910 baba alifariki ghafla kwa kidonda cha tumbo kilichotoboka. Linus alikuwa na miaka 9 tu. Mama yake, Belle, alibaki na watoto watatu na akaanza kupangisha vyumba ili maisha yaende. Linus alifanya vibarua vya kila aina.

Mama huyo naye alikuwa mgonjwa. Alisumbuliwa na aina ya upungufu wa damu ambao leo tunajua unatokana na mwili kushindwa kufyonza vitamini B12. Alifariki mwaka 1926, Pauling akiwa masomoni Ulaya. Mwaka huohuo madaktari wa Boston walitangaza kwamba ugonjwa huo unaweza kutibiwa kwa kula maini kwa wingi. Kwa Belle, habari hiyo ilichelewa.

Haiwezekani kusema kwa uhakika tukio hilo lilimfanya nini kijana wake. Lakini mtu aliyempoteza mama kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kwenye chakula, si ajabu kwamba baadaye aliamini sana nguvu ya virutubisho.

Kituko kingine: Pauling aliacha sekondari mwaka 1917 bila cheti, kwa sababu ya masomo ya historia ambayo hakuyamaliza. Shule ilikuja kumpa cheti chake mwaka 1962, wakati tayari ana Nobel kabatini.

MKEMIA WA KARNE

Chuoni Oregon alikuwa mwanafunzi hodari kiasi kwamba alipewa kufundisha wenzake. Darasani humo alikutana na Ava Helen Miller. Walioana Juni 1923. Ava ndiye alikuja kumsukuma aingie kwenye harakati za amani.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1925 katika chuo cha Caltech, California, akabaki hapo kwa miongo kadhaa. Kazi yake kubwa ilikuwa kueleza jinsi atomu zinavyoshikana kutengeneza molekuli. Kitabu chake cha 1939 juu ya jambo hilo kilikuwa msahafu wa wakemia kwa miaka mingi. Mwaka 1954 akapewa Nobel ya Kemia.

Katikati ya safari hiyo aliugua. Mwaka 1941, akiwa na miaka 40, figo zilianza kufeli. Wakati huo ugonjwa wake ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Daktari mmoja wa Stanford, Thomas Addis, alimpa mlo wenye protini kidogo sana na bila chumvi. Alipona taratibu. Kwa mara nyingine, chakula kilikuwa kimeingia kwenye maisha yake kama tiba, na safari hii kiliokoa.

ALICHOIFANYIA AFRIKA BILA KUKUSUDIA

Kuna kazi ya Pauling inayowagusa moja kwa moja wazazi wengi wa Temeke na Kinondoni, hata kama hawajawahi kusikia jina lake.

Mwaka 1949, yeye na wenzake Harvey Itano, Jonathan Singer na Ibert Wells walionyesha kwamba ugonjwa wa selimundu unasababishwa na tofauti kwenye molekuli ya hemoglobini, yaani ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa kuelezwa hadi kwenye molekuli moja. Miaka michache baadaye, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti wa Afrika Mashariki kwamba wenye vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja wana kinga fulani dhidi ya malaria.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Vipimo vya damu wanavyofanyiwa Muhimbili na kwingineko vinategemea ukweli uleule uliotoka maabara ya Pauling.

PASI YA KUSAFIRIA NA BOMU

Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, Pauling alianza kuzunguka akipinga silaha za nyuklia. Serikali yake haikufurahi. Mwaka 1952 alinyimwa pasi ya kusafiria, akashindwa kwenda mkutano wa sayansi London.

Hakunyamaza. Mwaka 1958 yeye na Ava waliwasilisha Umoja wa Mataifa ombi la kusitisha majaribio ya nyuklia, likiwa na saini za wanasayansi zaidi ya 9,000. Mwaka uliofuata walifika hadi Lambaréné, Gabon, kumtembelea daktari Albert Schweitzer, naye mpinzani wa mabomu hayo.

Oktoba 10, 1963, siku mkataba wa kuzuia baadhi ya majaribio ya nyuklia ulipoanza kutumika, ilitangazwa kwamba Pauling amepewa Nobel ya Amani ya mwaka 1962.

Hili ni muhimu kwa yaliyofuata. Mara mbili watu wenye madaraka walimwambia amekosea, na mara mbili historia ikampa haki yeye. Basi alipoanza kupingwa na madaktari kuhusu vitamini C, hakuona sababu ya kurudi nyuma.

BARUA YA MWAKA 1966

Machi 1966, akiwa na miaka 65, Pauling alitoa hotuba New York. Katika maneno yake alitaja kwamba angependa kuishi miaka mingi zaidi aone sayansi itafika wapi. Msikilizaji mmoja, mtaalamu wa biokemia aitwaye Irwin Stone, alimwandikia barua akimshauri anywe gramu 3 za vitamini C kila siku.

Kwa kulinganisha, mtu mzima anahitaji takriban miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Hicho kinatosha kuzuia kiseyeye, ugonjwa wa fizi kutoka damu uliokuwa ukiwamaliza mabaharia. Stone alikuwa anazungumzia zaidi ya mara 30 ya kiasi hicho.

Hoja yake ilikuwa tamu. Wanyama wengi wanajitengenezea vitamini C wenyewe. Mbuzi hahitaji chungwa, mwili wake unatengeneza gramu kadhaa kwa siku. Binadamu na nyani wakubwa walipoteza uwezo huo zamani sana. Basi, kwa mawazo ya Stone, binadamu wote tunaishi na upungufu bila kujua.

Pauling na mkewe wakaanza kunywa. Wakajisikia vizuri. Yale mafua makali yaliyokuwa yakimsumbua yakapungua. Mwaka 1970 akatoa kitabu kifupi kwa ajili ya watu wa kawaida kuhusu vitamini C na mafua, akishauri gramu moja au zaidi kila siku. Kitabu kikauzika kama njugu, na maduka ya Marekani yakaishiwa vidonge. Mwaka 1976 akakiongezea sura za homa ya mafua, yaani influenza.

SAYANSI YAINGIA KAZINI

Moja ya nguzo za hoja yake ilikuwa utafiti wa Uswisi wa mwaka 1961. Vijana 279 waliokuwa kwenye kambi ya kuteleza kwenye theluji waligawanywa. Waliopewa gramu moja ya vitamini C kwa siku walipata mafua machache kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Shida ni kwamba vijana hao walikuwa kwenye baridi kali, wakifanya mazoezi mazito. Pauling alichukua matokeo yao akayapeleka kwa kila mtu, pamoja na karani wa ofisini na mama wa nyumbani.

Watafiti wakaanza kupima. Kisa maarufu ni cha taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, kilichochapishwa 1975. Wafanyakazi zaidi ya 300 walijitolea. Nusu walipewa vidonge vyenye vitamini C, nusu vidonge vitupu vyenye sukari ya maziwa. Kumbe baadhi walifungua vidonge na kuonja! Vitamini C ni chachu, sukari ya maziwa si chachu, kwa hiyo siri ikavuja. Waliojua wanapata vitamini C walisema wanaumwa siku chache. Kwa wale ambao hawakugundua, tofauti ilipotea.

Leo kuna uchambuzi mpana wa mwaka 2013 uliokusanya majaribio mengi, yenye washiriki zaidi ya 11,000. Matokeo yake kwa ufupi ni haya:

- Kwa watu wa kawaida, kunywa vitamini C kila siku hakuzuii kupata mafua.
- Wanaokunywa kila siku, mafua yao yanakuwa mafupi kidogo: asilimia 8 kwa watu wazima, asilimia 14 kwa watoto. Mafua ya siku 7 yanapungua kwa nusu siku hivi.
- Kuanza kunywa baada ya pua kuziba hakujaonyesha faida ya uhakika.
- Wakimbiaji wa marathoni, wateleza theluji na askari kwenye baridi kali walipunguza hatari ya mafua kwa nusu.

Angalia hilo la mwisho. Utafiti wa Uswisi haukuwa uongo. Ulihusu watu wa aina fulani tu, na Pauling aliuvika dunia nzima.

SARATANI, MAHAKAMA NA MSIBA

Pauling hakuishia kwenye mafua. Akishirikiana na daktari wa upasuaji wa Scotland, Ewan Cameron, alidai vitamini C inarefusha maisha ya wenye saratani. Mwaka 1976 walichapisha ripoti ya wagonjwa 100. Hospitali ya Mayo Clinic ikajaribu kwa utaratibu mkali zaidi, mwaka 1979 na 1985, na haikuona faida. Pauling alikasirika sana na akapinga namna majaribio hayo yalivyofanywa.

Taasisi aliyoianzisha mwaka 1973 nayo iliingia kwenye migogoro ya fedha na kesi na aliyekuwa mshirika wake wa karibu.

Pigo kubwa lilikuwa nyumbani. Ava aligunduliwa na saratani ya tumbo mwaka 1976. Alifanyiwa upasuaji na akaendelea na vitamini C kwa wingi. Alifariki Desemba 1981. Pauling aliishi miaka mingine 13, akinywa hadi gramu 18 kwa siku, na zaidi akihisi mafua. Alifariki Agosti 19, 1994, kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 93.

Wafuasi wake wanasema umri huo ni ushahidi. Wapinzani wanasema saratani ndiyo ushahidi. Ukweli ni kwamba maisha ya mtu mmoja hayathibitishi upande wowote.

MVUMI, MUHIMBILI NA MULAGO

Je, ina maana virutubisho havina kazi kabisa kwenye magonjwa ya virusi na ya kifua? Hapana. Na jibu moja zuri limetoka hapahapa Tanzania.

Katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, watafiti waliwagawa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Surua ni virusi vinavyoingia kwa njia ya hewa, na huwaua watoto zaidi kwa kushambulia mapafu. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini 88 waliongezewa vitamini A. Matokeo yalichapishwa 1987: kati ya hao 88 walifariki 6, na kati ya 92 wasiopewa walifariki 12. Kwa watoto chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kifo 1 dhidi ya vifo 7.

Sababu inaeleweka. Surua inashusha vitamini A mwilini, na watoto wengi walikuwa na upungufu tangu mwanzo. Leo vitamini A ni sehemu ya matibabu ya surua yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Muhimbili nayo ilikuwa na jaribio lake miaka ya 1990, kwa watoto 687 waliolazwa na nimonia. Vitamini A haikufanya nimonia ipone haraka. Lakini watoto walipofuatiliwa baadaye, vifo kwa waliopewa vilikuwa pungufu kwa karibu nusu. Na mama wa Mbagala au Tegeta anaitwa kila baada ya miezi sita kumpeleka mtoto wake apewe tone la vitamini A.

Kampala, kwenye hospitali ya Mulago, watoto 352 wenye nimonia kali walipewa antibayotiki, nusu wakaongezewa madini ya zinki. Matokeo ya 2012: walifariki 7 kwa waliopewa zinki, 21 kwa wasiopewa. Faida ilionekana zaidi kwa watoto wenye VVU. Siku za kupona hazikupungua.

Ona tofauti na Pauling. Hapa kirutubisho kilitolewa kwa kipimo, kwa mgonjwa anayejulikana, na juu ya matibabu, si badala yake.

CORONA IKAMFUFUA

Mwaka 2020 corona ilipoingia nchini, jina la Pauling halikutajwa sana, lakini wazo lake lilirudi kwa kishindo. Malimao na tangawizi vilipanda bei sokoni, nyungu zikawaka, NIMR ikatoa kinywaji chake cha mimea cha NIMRCAF, na vitamini C na zinki zikatafutwa maduka ya dawa.

Marekani, wagonjwa 214 wa corona waliokuwa nyumbani walipewa vitamini C miligramu 8,000 kwa siku, zinki, vyote viwili, au matibabu ya kawaida tu. Jaribio lilikatishwa mapema kwa sababu halikuonyesha tofauti ya maana. Matokeo yalitoka Februari 2021. Kwa waliolazwa, vitamini C ya kuchomwa kwenye mshipa nayo haikusaidia, kwa mujibu wa majaribio makubwa yaliyochapishwa 2023.

MTAANI INAMAANISHA NINI?

Pauling alikuwa na kipato cha kununua gramu 18 kwa siku. Familia ya Buza au Manzese inachagua: makopo ya virutubisho au mboga na matunda ya wiki.

Kwa vitamini C, matunda yanashinda kirahisi. Pera moja la kawaida linaweza kutimiza mahitaji ya siku, na kwa uzito uleule lina vitamini C karibu mara 4 ya chungwa. Mabibo, yale matunda ya mkorosho yaliyoipa jina mitaa ya Mabibo, nayo yamejaa. Mwili ukishatosheka, ziada kubwa inatoka kwenye mkojo. Zaidi ya gramu 2 kwa siku inaweza kuleta kuhara, na kwa baadhi ya watu mawe kwenye figo.

Vitamini A ni hadithi nyingine. Hiyo haitoki kwenye mkojo, inajikusanya kwenye ini na ikizidi ni sumu. Isinunuliwe na kupewa mtoto kwa kukisia.

Hatari kubwa kuliko zote ni muda. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, anaweza kuwa na nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akilegea, hiyo ni dharura. Limao halitamsaidia, wala kidonge cha chungwa. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na unaponunua kirutubisho, soma lebo. Tangu 2019 usalama wa vyakula uko chini ya TBS, dawa ziko chini ya TMDA. Bidhaa inayodai kutibu corona, nimonia, sukari na nguvu za kiume kwa kopo moja, iulizie usajili kabla ya kutoa hela.

ALICHOACHA

Taasisi ya Pauling ilihamia chuo chake cha zamani huko Oregon mwaka 1996 na bado inafanya utafiti wa virutubisho, kwa tahadhari kubwa kuliko mwasisi wake. Kemia yake inafundishwa kila sekondari yenye maabara, Jangwani hadi Kibasila. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani yamekoma. Selimundu inaeleweka.

Kwenye mafua, alichopata ni nusu siku. Hicho si kidogo kwa mtu anayelipwa kwa siku, lakini kinahitaji kunywa vidonge mwaka mzima, na pera la sokoni Temeke linatosha kumpa mwili kile unachohitaji kwa bei ndogo zaidi.